MARISAU YA RISASI NA MARISAU YA CHUMA
Majaribio Yaliyokata Shauri la Wawindaji wa Marekani

Kila mkulima afugaye kuku amekwisha ona changarawe zilizomo ndani ya firigisi. Kuku hana meno, kwa hiyo humeza vijiwe ili vimsagie nafaka aliyokula. Bata wa mwitu naye hufanya vivyo hivyo. Hutumbukiza kichwa majini penye kina kifupi, hupekua matope kwa mdomo wake, na huokota mbegu na vijiwe pamoja. Hana njia ya kupambanua kijiwe na kitu kingine kilicho kidogo, kigumu na cha mviringo.

Hapo ndipo ulipoanza ubishi mkubwa katika nchi ya Marekani. Huko watu wengi hupenda kuwinda bata kwa bunduki ya marisau, na kwa muda wa miaka mingi marisau hayo yalifanywa kwa risasi, yaani yale madini mazito ya kijivu. Kiasi kimoja cha bunduki, ambacho ni kile kibweta kidogo chenye fataki, baruti na marisau, huwa na chembe mia na zaidi. Hata mwindaji hodari akimpata ndege, chembe chache tu humwingia mwilini. Nyingine zote huanguka majini. Hivyo, mwaka baada ya mwaka, chembe za risasi zilizidi kurundikana katika matope ya mabwawa na maziwa, nao bata wakazimeza wakidhani ni changarawe.

Risasi ni sumu. Firigisi huisaga kidogo kidogo, ikaingia katika damu ya ndege. Bata aliyepatwa na sumu hiyo hukonda, mabawa yake hulegea, hushindwa kuruka, naye hujificha katika manyasi mpaka afe. Katika mwaka wa 1959 mtaalamu mmoja wa ndege wa jimbo la Illinois, Bwana Frank Bellrose, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa miaka mingi. Alikadiria kwamba katika kila ndege wa majini 100 wa Amerika ya Kaskazini, 2 au 3 hufa kila mwaka kwa sumu hii. Hesabu hiyo ilikuwa kama ndege milioni 2 kwa mwaka, ambao hawakuliwa na mtu wala hawakuuzwa sokoni. Tena tai waliokula bata wagonjwa waliingiwa na sumu ile ile.

UBISHI WA WAWINDAJI

Wataalamu walishauri kwamba marisau ya risasi yaachwe, na mahali pake yatumike marisau ya chuma laini. Chuma hakimdhuru bata akikimeza. Lakini wawindaji wengi hawakulipenda shauri hilo, na sababu waliyoitoa haikuwa ya kipumbavu hata kidogo.

Walisema hivi: chuma ni chepesi kuliko risasi. Ukichukua chembe mbili za ukubwa ule ule, moja ya risasi na moja ya chuma, ile ya chuma itakuwa na uzito wa sehemu 7 tu katika 10 za uzito wa mwenzake. Na kila kitu kirukacho hupingwa na hewa, na kilicho chepesi hushindwa upesi. Mtoto achungaye mbuzi alijua jambo hili kabla hajaenda shuleni: akirusha jiwe na gunzi la mahindi kwa nguvu moja, jiwe hufika mbali na gunzi huanguka karibu.

Basi, wakasema, chembe za chuma zitamfikia bata zikiwa zimechoka. Zitamjeruhi wala hazitamwua. Naye ataruka na jeraha lake, akaangukie mbali ambako mbwa wa mwindaji hatamwona, akafe huko. Ikiwa ndege milioni 2 wataokolewa katika sumu na ndege milioni 2 wengine wafe kwa majeraha, faida iko wapi?

Shauri lilikuwa zito kwa pande zote mbili. Kama maneno ya wawindaji yalikuwa kweli, sheria ya kukataza risasi ingekuwa bure. Kama hayakuwa kweli, basi kila mwaka uliopita katika mabishano ulikuwa ni mwaka wa mizoga mingi bila sababu. Na kila mwindaji alikuwa na ushahidi wake mwenyewe, jinsi alivyompiga bata fulani siku fulani akaenda zake. Ushahidi wa namna hiyo haupimiki. Ilibidi kupima.

KUPIMA KWA KARATASI NA KWA UMEME

Sanaa ya kupima viasi vya marisau haikuanza Marekani. Katika mwaka wa 1875 gazeti la The Field la London lilisimamia mashindano ya bunduki, ili kujua kama mtutu uliobanwa kidogo karibu na mdomo wake hupeleka marisau vizuri kuliko mtutu ulio sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Bunduki zilipigwa katika shabaha zilizowekwa mbali wa yadi 40, na zikahesabiwa chembe zilizoingia ndani ya duara lenye upana wa inchi 30. Mitutu iliyobanwa ilishinda. Tangu hapo yadi 40 na inchi 30 zimekuwa ndiyo desturi ya wapimaji.

Njia hiyo ni rahisi, lakini yataka subira. Karatasi kubwa hutundikwa, bunduki hupigwa mara moja, kisha duara huchorwa na matundu huhesabiwa moja moja. Karatasi moja haitoshi, maana hakuna viasi viwili vitawanyavyo chembe kwa namna moja; mpimaji mwaminifu hupiga karatasi kumi au zaidi, ndipo atafute wastani. Mtutu uliobanwa sana hutazamiwa kutia chembe 70 katika kila 100 ndani ya duara. Uliobanwa kidogo hutia kama 50.

Waingereza wa zamani walipima pia nguvu ya kupenya. Walipanga karatasi nene tabaka juu ya tabaka, wakapiga, kisha wakahesabu ni karatasi ngapi zilizotobolewa.

Mwendo wa marisau nao ulikuwa na chombo chake. Katika miaka ya 1860 afisa mmoja wa mizinga wa Ubelgiji, Paul-Émile Le Boulengé, alibuni mtambo uliosifiwa sana. Fito mbili za chuma zilining'inizwa kwa sumaku za umeme. Marisau yakikata waya wa kwanza, ufito mrefu huanguka. Yakikata waya wa pili, ufito mfupi huanguka na kufyatua kisu, nacho hutia alama katika ule mrefu ungali ukishuka. Kwa kuwa yajulikana jinsi kitu kinavyoanguka, alama ile huonyesha ni sehemu gani ya sekunde iliyopita kati ya waya na waya. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa vyombo vingine vya umeme, lakini maana ni ile ile.

Vipimo hivi vilipofanyiwa marisau ya chuma, vilionyesha mambo mawili. La kwanza, wawindaji walikuwa kweli kuhusu uzito: chembe ya chuma hupoteza mwendo wake upesi kuliko chembe ya risasi ya ukubwa ule ule. La pili halikutazamiwa na wengi. Risasi ni laini, na baruti inapolipuka chembe zake hugongana na kubonyea. Zilizobonyea hupepesuka njiani zikakosa duara. Chuma hakibonyei. Kwa hiyo chembe zake hubaki za mviringo na husafiri pamoja, na mara nyingi huingia ndani ya duara kwa wingi kuliko za risasi.

MOTOKAA NA UBAO WA FUTI 16

Lakini karatasi iliyotundikwa haitembei, na bata huruka. Bwana Bob Brister, mwandishi wa habari za uwindaji wa mji wa Houston, aliliona kosa hilo. Marisau hayasafiri kama sahani bapa. Husafiri kama msururu wa nyuki, wengine mbele na wengine nyuma. Karatasi isiyotembea huzipokea zote, za mbele na zilizochelewa, wala haisemi ni zipi ambazo zingemkosa ndege kwa kuwa amekwisha pita.

Basi alitengeneza shabaha ya karatasi yenye urefu wa futi 16, akaiweka juu ya gari la kukokotwa. Mkewe akaendesha motokaa kwa mwendo wa maili 40 kwa saa akiikokota shabaha hiyo, na Bwana Brister akaipiga ikipita mbele yake. Mama huyo bila shaka alimwamini sana mumewe. Katika karatasi hizo msururu ulionekana wazi: chembe zilizobonyea zilikuwa zimetapakaa nyuma. Kitabu chake cha mwaka 1976 kilisomwa na wawindaji wengi, na kiliwafundisha kwamba ugumu na umbo la chembe si jambo dogo.

Waundaji wa viasi nao walipata jibu la shida ya uzito. Chembe za marisau hupangwa kwa namba, na kwa desturi ya Marekani namba ikishuka chembe huwa kubwa zaidi. Wakia moja ya marisau ya risasi ya namba 4 ina chembe kama 135. Wakia moja ya marisau ya chuma ya namba 2 ina chembe kama 125. Mtu akiiacha namba 4 ya risasi akaishika namba 2 ya chuma, uzito wa kila chembe hukaribia kuwa sawa, wala hesabu ya chembe haipungui sana. Tena viasi vya chuma hutengenezwa ili marisau yatoke mtutuni kwa mwendo mkali zaidi.

Hata hivyo chuma kina masharti yake. Ugumu ule ule unaozishikilia chembe pamoja waweza kukwaruza mtutu, na kwa hiyo hutiwa ndani ya kikombe kinene cha plastiki. Bunduki ya kale yenye mtutu mwembamba, au yenye mdomo uliobanwa sana, haifai kupigiwa marisau hayo kabla ya kuulizwa fundi wa bunduki.

MAJARIBIO YA PORINI

Karatasi haina damu wala mifupa. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1972 na 1973, majaribio yalifanywa mahali paitwapo Nilo, katika jimbo la Illinois. Bata walipitishwa kwa mtambo mbele ya bunduki iliyofyatuliwa kwa mashine, ili mkono na jicho la mtu visiwe na sehemu yo yote katika jambo hilo. Ilionekana jinsi umbali unavyotawala kila kitu: kadiri bata alivyokuwa mbali, ndivyo waliokufa papo hapo walivyopungua na waliojeruhiwa walivyozidi.

Baadaye majaribio yalipelekwa mabwawani, kwa wawindaji wenyewe. Hapo palikuwa na hatari nyingine. Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mtu aaminiye kwamba chuma hakifai, akipewa kiasi cha chuma, atalenga kwa moyo mzito. Na akikosa, atakilaumu kiasi. Akikosa kwa risasi, atalaumu upepo.

Jaribio lililoepuka hatari hiyo kwa uangalifu mwingi lilifanywa Texas katika majira ya uwindaji ya mwaka 2008 na 2009, chini ya idara ya wanyama ya jimbo hilo. Ndege waliochaguliwa walikuwa hua, ambao hupigwa kwa wingi sana katika nchi hiyo. Viasi vilikuwa vya namna tatu, vyote vya bunduki ya namba 12: marisau ya risasi ya namba 7½, ya chuma ya namba 7, na ya chuma ya namba 6. Vilifanywa vifanane kwa sura, hata mtu akikishika kimoja asijue ndani mna nini. Mwindaji hakuambiwa. Mtazamaji aliyesimama nyuma yake na kitabu mkononi naye hakuambiwa. Alitakiwa aandike tu kila mlio wa bunduki, umbali wa ndege, na yaliyompata: ameanguka, amejeruhiwa, au amekwenda zake salama.

Wawindaji walipiga viasi zaidi ya 5,000, na hua zaidi ya 1,100 wakaokotwa. Ndege hao walichunguzwa mmoja mmoja ili kujua ni chembe ngapi zilizowaingia na zilifika wapi mwilini. Ndipo siri ikafunuliwa, na hesabu zikafanywa.

Hapakuwa na tofauti. Hua walioangushwa kwa kila viasi mia walikuwa karibu sawa kwa namna zote tatu. Waliojeruhiwa wakapotea walikuwa karibu sawa. Na waliokoswa walikuwa karibu sawa, nao walikuwa wengi: kwa kila namna ya kiasi, zaidi ya nusu ya milio yote ilikwenda bure.

Ifahamike vema jaribio hilo lasema nini. Halisemi kwamba chuma na risasi ni kitu kimoja, wala kwamba kiasi cho chote kitaua kwa umbali wo wote. Hua ni ndege mdogo, na wengi hupigwa karibu. Lakini laonyesha kwamba, katika umbali ambao wawindaji hupiga kwa kawaida, tofauti ya madini ilimezwa na mambo mengine mawili yaliyo makubwa zaidi: wingi wa chembe zinazofika pamoja pale alipo ndege, na ustadi wa mtu aliyeshika bunduki. Kwa muda wa miaka mingi watu walikuwa wakikilaumu kiasi kwa makosa ya bega na jicho.

FAIDA ILIYOPATIKANA

Serikali ya Marekani haikungoja jaribio la hua. Kwa nguvu ya majaribio ya bata, na kwa sababu ya tai waliokufa, marisau ya risasi yalianza kukatazwa mahali mahali, na tangu mwaka 1987 sheria ikaenezwa kwa hatua. Kufikia mwaka 1991 mwindaji wa ndege wa majini alikatazwa kutumia risasi po pote katika nchi hiyo. Katika Jumuiya ya nchi za Ulaya sheria ya namna hiyo, kwa mabwawa na vinamasi, ilianza kutumika mwezi wa Februari 2023.

Je, bata waliokolewa, au walikufa kwa majeraha kama ilivyohofiwa? Wachunguzi walifungua firigisi za maelfu ya bata waliopigwa katika njia ya ndege ifuatayo Mto Mississippi. Katika matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2000, walikadiria kwamba vifo vya bata kwa sumu ya risasi vilikuwa vimepungua kwa 64 katika kila 100. Walikadiria pia kwamba katika mwaka mmoja tu wa 1997, bata kama 1,400,000 walikuwa wameokolewa katika Amerika ya Kaskazini.

Msomaji ambaye hatawinda bata hata siku moja aweza kuuliza habari hizi zamfaa nini. Zamfaa kwa njia ya kupima. Mkulima apewapo mbegu mpya, au mbolea mpya, husikia maneno mengi ya majirani, na kila mmoja ana ushahidi wake wa msimu fulani. Na asibishane nao. Apande mbegu ya kale na mbegu mpya katika shamba moja, siku moja, kwa nafasi moja na samadi moja. Apande mistari mingi, si mmoja mmoja, kwa kuwa mstari mmoja waweza kuangukia penye udongo mzuri. Avunapo, ayatie mahindi katika magunia yenye alama anayoijua yeye peke yake, kisha mtu mwingine asiyejua maana ya alama hizo ayapime kwa mizani na kuandika uzito. Akifanya hivyo misimu miwili au mitatu, atakuwa na jibu ambalo hakuna jirani awezaye kulipinga, hata likiwa si jibu alilolitumaini.